Gazeti Chini ya Shuka

Haya alinieleza Bi Mwanahawa, muuza magazeti, juzi tukichambua mchele.

Mjane mmoja, Mize, alifika kibandani kwake kutafuta gazeti lenye tangazo la mirathi ya mumewe. Lilikuwa limebaki moja tu. Shemeji yake, Makame, akaja nyuma, simu mkononi.

"Shemeji, magazeti yamekufa hayo! Tangazo limo humu: msimamizi wa nyumba ni mimi."

"Mbona jana ulinisomea jina langu?"

"Wamerekebisha."

"Nani?"

Makame akaitia simu mfukoni. Mize akafungua gazeti, akaliona jina lake kwa wino mweusi.

"Basi nipe hilo nikafungie maandazi," akasema Makame.

"Kilichokufa unakitakia nini, shemeji?"

Mize akalilipia, akaenda nalo nyumbani, akalitandika chini ya shuka, akalilalia mchana ule ule. Makame akakaa barazani, eti anapunga upepo. Kila Mize alipojigeuza gazeti lilichakarika, na nje Makame akakohoa. Hata alasiri kikohozi kikakoma, ukasikika mkoromo. Lakini mtu aliyelala kweli hukoroma hivyo? Mize akasikiliza sana, kiganja juu ya ule ukurasa, mpaka naye usingizi ukamchukua.