Pande Zote Mbili

Santuri ya tatu ilikuwa na mkwaruzo uliorusha sindano kila ilipofika katikati, na bado yule mama aliyesimama mbele aliomba irudiwe.

"Weka tena, mwanangu," alisema. "Hiyo hiyo."

Nzioka alitabasamu, akabadilisha sindano, akazungusha mpini wa gramafoni. Hiyo ilikuwa Jumamosi yake ya kwanza Mugutha. Kilonzo, aliyefanya kazi hii kabla yake, aliiacha ghafla juma lililopita bila kusema sababu. Alimwachia Nzioka neno moja tu, mlangoni mwa duka kule Thika: "Ukifika Mugutha usibakishe santuri. Cheza zote, pande zote mbili." Nzioka alimcheka kimoyomoyo. Huyo ndiye mtu asiyejua biashara.

Biashara yenyewe haikuwa ngumu. Santuri mpya zikifika, gari la duka lilizitembeza vijijini na spika juu yake, watu wasikie, wenye uwezo waagize. Ila huo ulikuwa mwaka wa hamsini na tano, katikati ya hali ya hatari, serikali ya kikoloni ikiwasaka Mau Mau, na hukuingia kijiji kilichozungushiwa handaki bila idhini ya chifu. Chifu wa hapa alitoa masharti mawili: nyimbo za Kikuyu zisichezwe, na muziki ukiisha karani wake apewe kipaza sauti atoe matangazo. Mambo ya chanjo na kuchimba mitaro, Nzioka alidhani.

Mwenye duka alikuwa amekaa ndani ya gari, kofia usoni, lakini hakuwa amelala. Asubuhi alikuwa amesema wazi: "Wakitawanyika kabla hujamaliza, Jumatatu urudi mkongeni."

Nzioka alikuwa amekata mkonge miaka minne. Mikono yake ilikuwa na makovu ya miiba mpaka kwenye viwiko. Aliogopa kurudi kule kuliko alivyoogopa kitu kingine chochote duniani.

Kwa hiyo alizisifia santuri zake kama mama anayemsifia binti mbele ya wachumba. "Hii ni ya gita, imetoka Nairobi juzi tu. Huyu jamaa vidole vyake vinaongea. Hii ni ya pwani, ya taarabu, hiyo sikiliza umekaa, haitaki haraka. Hii ya kwaya ni ya Jumapili, ukitoka kanisani. Rumba nayo ni ya wale magoti bado yanawatii. Na hii ya tarumbeta sitawadanganya, ni kelele tupu, lakini ukiipeleka harusini hata bibi harusi atasahau kulia."

Hakuna aliyecheka. Lakini pia hakuna aliyeondoka. Walisimama juani, wanawake wengi na wazee wachache, bila mtu kutikisa hata kichwa. Nzioka aliona huo ndio usikivu wenyewe. Pwani wengi wao hawakuwahi kufika, na bado ile ya taarabu waliitaka tena. Ya tarumbeta waliiomba mara mbili.

Akatoa penseli aandike oda, akaanza na yule mama wa mbele.

"Jina, mama?"

"Waithira. Nyina wa Kagwe."

"Kagwe anapenda muziki?"

"Anapenda." Alifikiri kidogo. "Gita sana."

Siku hizo mtu hakuulizwa mwanawe yuko wapi, na Nzioka hakuuliza.

"Basi nikuandikie ile ya gita?"

"Mimi sina gramafoni, mwanangu. Wewe cheza tu."

Nzioka aliguswa. Mtu hana gramafoni, wala hana mahali pa kuiweka, na bado anaililia santuri! Ama kweli kizuri chajiuza.

Ilibaki santuri ya sita, ndani ya karatasi yake, tamu kuliko zote. Kilonzo angeicheza na kuimaliza. Nzioka aliitoa, akawaonyesha, kisha akairudisha ndani ya karatasi. Mchuuzi hodari huwaacha watu na njaa kidogo.

"Hii mtaisikia Jumamosi ijayo," alitangaza.

Manung'uniko yalipita kati ya watu. Waithira alisogea mpaka akashika ubavu wa gari.

"Icheze leo."

"Subira huvuta heri, mama."

"Upande mmoja tu. Hata nusu."

"Au rudia ile ya kelele," alisema mzee mmoja nyuma yake, na wanawake wengine nao wakasogea, wakimwomba kwa sauti ndogo, kila mmoja akitaja santuri yoyote aliyoikumbuka.

Nzioka alichungulia ndani ya gari. Mwenye duka alikuwa ametoa kofia usoni, anatikisa kichwa kwa kuridhika. Mkonge ukawa mbali. Furaha ilimpanda Nzioka mpaka kooni. Tangu azaliwe hakuwahi kuhitajiwa na watu wengi hivyo.

"Jumamosi, mama," alimwambia Waithira kwa upole. Akaibana ile santuri kwapani, akampa karani kipaza sauti.

Karani hakutaja chanjo wala mitaro. Alitoa karatasi mfukoni, akaikunjua, na kabla hajafungua mdomo wanawake wote walikuwa wameshikana mikono.

"Walionyongwa wiki hii," alisoma. "Kagwe wa Gathogo."