Mpira wa Lavema

Mwanamke mmoja sokoni Mbugangari alisema uchafu wa tumbo unapanda kichwani na kula akili. Neno hilo likamganda Mukarugwiza. Kila binti yake Igihozo aliposahau somo, alimlaza mapajani, akamwosha tumbo kupitia njia ya haja kubwa kwa mpira wa lavema uliojaa maji ya majani machungu.

Leo mtoto alikuwa anaharisha tangu asubuhi. Mama akajaza mpira tena.

"Tanti, uniitie mama," Igihozo akasema, akimwita mama yake shangazi, midomo imemkauka.

"Mama yako ni mi hapa."

"Mama iko wapi?"

Vidole vya mtoto vikaanza kutetemeka, halafu mkono mzima. Mpira ukamponyoka Mukarugwiza.

Wenye watoto, epukeni lavema ya majani. Epukeni kumwosha tumbo mtoto anayeharisha. Epukeni udaktari wa sokoni. Epukeni kungoja mpaka mtoto asikujue.