Dakika Ishirini za Kutulia

Picha ya kwanza ilitoka nyeusi tii. Ya pili ikatoka nyeupe pe, kama sahani iliyooshwa.

"Ile umeinyima mwanga, hii umeizamisha," alisema mzee mwenye studio. "Niletee picha moja tu ambayo mwanga umeupatia, nikuajiri."

Mwanafunzi wake, mama wa makamo, alikuwa akipambana na usingizi. Mwaka wa nne huu anambeba kaka yake, fundi aliyeanguka kutoka juu ya paa, miguu ikagoma. Amwogeshe, ampeleke msalani, amrudishe kitini. Alikuwa amechoka hadi kwenye kucha. Na ajira yenyewe aliitaka hadi akaona aibu, maana nani angebaki kumwinua kaka?

"Chumba chetu kina giza, mwalimu."

"Basi pazia la kamera, lile linaloingiza mwanga, uliache wazi dakika ishirini. Lakini tafuta kilichotulia. Mtu akizungukazunguka muda wote huo, hatoki hata kivuli."

"Wa kutulia ninaye. Kaka yangu, hawezi kutembea."

Mchana ule aliiweka kamera juu ya meza, ikamtazama kaka kitini. Akabonyeza. Ikalia kacha.

"Tayari, mdogo wangu?"

Angemweleza kuwa pazia bado liko wazi, lakini hata mdomo ulikuwa umechoka. "Tayari. Naenda kufua."

"Usikawie basi. Unaijua hali yangu."

Alifua mashuka ya kaka uani, mgongo ukimuuma, jicho kwenye saa ya mkononi. Dakika ishirini zilipotimia akarudi kulifunga pazia. Kaka alikuwa palepale, blanketi magotini, akilalamika kiu. Akampa maji.

Kesho yake mzee aliisafisha picha, akaiinua dirishani. Akatabasamu, kisha akakunja uso.

"Mwanga umeupatia barabara. Naona ufa wa ukutani, naona hata nyuzi za blanketi lililotupwa kwenye mkono wa kiti. Ila mtu mwenyewe hayumo." Akamkabidhi. "Pole, mama. Sijui umekosea wapi. Itabidi urudie."

Mama aliitazama picha ile, kile kiti, na ule mto wenye bonde la mgongo wa mtu.

"Sirudii, mwalimu," alisema. "Kazi naanza lini?"