Pindo la Vidole Vinne

Fundi cherehani aliitwa dirisha namba moja. Akabaki kwenye benchi kama hajasikia.

"Mama, unaitwa wewe!" Fundi viatu alimsukuma begani. "Miaka miwili tunapiga kelele hapa, leo ndiyo umekuwa kiziwi? Nenda! Na ukitoka bila karatasi usirudi kwetu, uhamie huko huko."

Watu wakacheka. Walikuwa wamejaa korido nzima hadi kwenye ngazi, wote wajukuu wa wale waliokuja kutandika reli. Babu zao waliilaza reli ya nchi nzima kwa mikono, na mpaka leo wao wanaitwa wageni. Mgeni wa miaka themanini, jamani! Bila cheti cha kuzaliwa mtoto wao haandikishwi shule, hapewi kitanda hospitali, na akikua hata laini ya simu atasajili kwa jina la mtu. Naye mkuu wa ofisi alishatangaza redioni, bila haya, kwamba hakuna hata mtoto mmoja aliyewahi kudhurika kwa kukosa cheti. Anayebisha alete maandishi.

Fundi cherehani ndiye aliyewaamsha. Aliiacha cherehani ikashika vumbi, akazunguka nyumba kwa nyumba akitafuta kadi za kazi za wazee wa reli. Moja aliikuta imeziba tundu la dirisha, nyingine imo ndani ya kiatu. Ya babu yake mwenyewe aliitoa chini ya godoro la mama yake, wiki ile waliyomzika bibi huyo. Alizifikisha mahakamani kadi mia tatu na kumi na mbili, na mahakama ikasema zinatosha. Ofisi nayo, kwa shingo upande, ikasema itaanza na cheti kimoja tu, cha majaribio, vingine baadaye.

Kimoja! Mkutano wao nusura uvunjike. Kila mtu alikuwa na wake wa kumwombea. Fundi viatu alikuwa na mapacha waliofikia umri wa kuanza shule, na usajili ulikuwa unafungwa Ijumaa. Hapo fundi cherehani, mtu ambaye hakuwahi kujiombea hata kiti, alisimama.

"Naomba aanze binti yangu."

Fundi viatu akajifuta macho kwa mgongo wa mkono.

"Aanze," alisema. "Wangu watasubiri mwakani. Wapo tu."

Hakuna aliyebisha.

Basi akasogea dirishani, amekumbatia kifurushi kifuani. Karani alikuwa na kikombe cha chai mkononi na hakuonyesha dalili ya kukiweka chini.

"Mtoto mwenyewe yuko wapi? Utaratibu ni tumwone."

"Hakuweza kuja, baba. Yuko na bibi yake."

Karani aliguna, akaacha yapite. Akauliza tarehe ya kuzaliwa, akahesabu kwa vidole.

"Kumbe ana miaka minane! Yuko darasa la ngapi?"

"Hajaanza."

"Lo! Mama, umechelewa sana."

"Ndiyo," alisema fundi cherehani. "Nimechelewa."

Kifurushi kilikuwa kimefunguka kidogo, na karani akaona sketi ya shule ya buluu, imepigwa pasi ikasimama. Ilikuwa na pindo pana la vidole vinne, kama mafundi wanavyowashonea watoto, ili mwaka baada ya mwaka lifumuliwe sketi ishuke kadiri mtoto anavyorefuka.

"Nguo mpya hiyo?"

"Nilimshonea alipotimiza sita."

"Si itakuwa inambana sasa?"

"Haimbani," alisema, akalirudisha pindo ndani ya kifurushi. Halikuwa limefumuliwa hata uzi mmoja.

Mwishowe karani aliweka kikombe chini. Aliandika jina polepole, kwa mwandiko mzuri, lazima tumsifu kwa hilo, akagonga muhuri.

"Haya, hongera. Mwambie sasa yeye ni wa hapa kama sisi. Asome kwa bidii."

"Nitamwambia."

Aliipokea karatasi kwa mikono miwili. Alilisoma jina la binti yake herufi kwa herufi, akarudia, na machozi yakamshinda. Kule kwenye ngazi wasioona vizuri walishaanza vigelegele. Yeye hakuwageukia. Alishika korido, akapita dirisha la pili, la tatu, la nne, na kila alipopita watu walimpisha. Fundi viatu alivua kofia, akamfuata nyuma.

Dirisha la saba, mwisho kabisa wa korido, halikuwa na foleni. Karani wa hapo, mwanamke mwenye miwani, aliinua kichwa na kumtambua mara moja.

"Wewe tena, mama?"

"Mimi tena." Aliweka cheti kwenye kaunta na kukilaza vizuri kwa kiganja. "Mliniambia hamwezi kuandika kifo cha mtoto ambaye hajazaliwa. Haya, leo amezaliwa. Andika."