Kwako Wanavuta

"Mama, tumepata malalamiko kwamba kwako wateja wanavuta," sauti ya kiume ilisema. "Saa nne niko hapo." Simu ikakatika.

Mwenye mkahawa akataka kuirudisha simu kwenye mfuko wa aproni, akaukosa mfuko, ikatumbukia kwenye beseni la vikombe. Hakuiopoa. Wiki iliyopita tu watu wa afya waliufunga mkahawa wa ng'ambo ya barabara kwa ajili ya sigara. Waliutia kufuli la ukubwa wa ngumi, na mpaka leo, ukichungulia dirishani, viti vimepinduliwa juu ya meza. Na huu wa kwake aliachiwa na marehemu mumewe. Ndio unaomlisha yeye na wajukuu wawili, hana kingine.

Nyuma ya pazia la maua walikaa shemeji yake na wenzake wawili, waashi wastaafu, na moshi wao. Aliwafumbia macho tangu wateja walipopungua, maana watatu hao walimaliza birika tatu kila asubuhi. Akawaendea, akawaomba wazime, watoke.

Shemeji mtu hakuinuka. Akamuuliza leseni iliyo ukutani ina jina la nani, na kodi ya chumba analipa nani. Mkahawa wa mtu ni wa mtu, akasema, na asiyetaka moshi akanywe chai kwa wasiovuta, hakuna aliyemfunga kamba. Maneno hayo hayo aliyasema marehemu siku alipolifunika tangazo la kukataza sigara kwa kalenda, na siku ile wote walicheka. Leo mwenye mkahawa hakucheka.

"Basi kaeni kimya," akasema. "Shemeji, nakuomba. Hata kukohoa msikohoe."

Akaibandua kalenda. Akamwaga majivu jikoni, akavizika visahani vyake ndani ya debe la unga. Akapepea hewa kwa trei mpaka bega likamuuma, kisha akachemsha karafuu sufuria nzima ili harufu ipotee. Saa nne kasoro dakika tano, mlango ukasukumwa.

Aliingia kijana mrefu, viatu vizito, daftari kwapani. Hakuketi. Hakunusa hata. Alisimama pale pale mlangoni, akautazama mlango juu mpaka chini, akaugonga kwa kidole, akaufunga, akaufungua, akaufunga tena. Akalishika komeo. Akatoa futi mfukoni, akapima. Mwenye mkahawa akaelewa mara moja: anatafuta pa kutia kufuli.

"Karibu chai, mwanangu."

"Asante mama, niko kazini. Hebu niambie, hawa wateja wanavuta wakiingia au wakitoka?"

Kumbe wameshamchunguza mpaka saa.

"Wakitoka," akasema, sauti haifiki popote. "Wakishamaliza chai."

"Hapo ndipo kwenye kosa." Kijana akaandika. "Na wazee je, wanaweza kuvuta?"

"Wanaweza sana, baba. Kazi ni kuwaachisha."

Kijana akamtazama kidogo, akarudi kwenye daftari. Akauliza kama amewahi kufikiria siku watu wamejaa, meza zote, halafu wavute wote kwa pamoja, kwa nguvu. Hakuwahi kufikiria.

"Mtakufa humu," kijana akasema, bila ukali, kama anayetaja bei ya sukari.

Hapo nyuma ya pazia mtu akakohoa. Kilikuwa kikohozi cha kubanwa muda mrefu, na kilipopata njia hakikutaka kwisha. Kalamu ya kijana ikasimama. Chini ya pazia uzi mwembamba wa moshi ukajipenyeza, ukapanda polepole, ukapita mbele ya tangazo. Walikuwa wamewasha tena.

Mwenye mkahawa hakuweza zaidi. Akakimbilia pazia, akalivuta mpaka pete mbili zikachomoka.

"Hao hapo," akasema, machozi yanamtiririka. "Ni watatu tu. Visahani vya majivu viko kwenye unga. Nimekosa, nihukumu utakavyo, lakini usinifungie, mwanangu. Nina watoto wadogo nyumbani."

Shemeji alibaki ameduwaa, sigara imening'inia mdomoni.

Kijana akawatazama wale wazee mmoja mmoja, akamtazama mama, futi ikajikunja yenyewe mkononi mwake.

"Mama," akasema taratibu, "mimi ni wa zimamoto, nimekuja kwa ajili ya mlango. Watu wakitoka wausukume, wasiuvute."

Kisha akalamba kidole, akafunua ukurasa mpya.