Mdoli Juani

Mdoli alikuwa mkongwe kuliko ndoa ya mwenyewe, na plastiki yake ilikuwa imegeuka njano kama meno ya mvuta sigara. Mwenyewe, mkusanyaji wa midoli ya kale, alimpaka krimu kali ya kuondoa rangi ya nywele, akamfunga nailoni, akamlaza juani barazani ili weupe wake urudi. Kila mara alitoka kumgeuza polepole. Hata yai halishikwi hivyo.

"Baba, njoo uone nilichochora," binti yake mdogo alimwita.

"Usinisumbue, mama. Nikimwacha atatoka mabaka."

Alipotoka tena, alimkuta binti amelala kando ya mdoli. Alikuwa amejipaka krimu mikononi na kujiviringisha nailoni, na ngozi imeanza kugeuka nyeupe. Machozi yalimtiririka, lakini hakutikisika.

"Baba," alisema, "nigeuze na mimi."