Chuma Chepesi cha Bampa

Dereva alinirushia chuma kipya cha bampa, nikakidaka kwa mkono mmoja. Kile cha kiwandani tulikibeba wawili.

"Kwa chuma hiki, gari letu la mashindano litachomoka, fundi," alisema.

"Nani kakichomelea? Kazi hizo si huwa unaniletea mimi?"

"Fundi mmoja hivi." Akainama kutafuta spana.

Nikakigeuza. Mchomeleo ulikuwa umepangika kama magamba ya samaki, yote yamelalia upande wa mtu anayetumia mkono wa kushoto. Fundi wa namna hiyo namjua mmoja tu. Nilimfundisha mwenyewe, nimemshika kiwiko, mwaka tuliooana.

Jumamosi tatu mfululizo mke wangu aliniaga kwamba anakwenda kumsaidia dada yake kupaka nyumba rangi. Kila mara alirudi macho mekundu, kama ya fundi aliyechomelea bila miwani. Nilimtilia dawa mimi mwenyewe, nikimpa pole.

"Kimekaa?" dereva aliuliza.

Nilikipachika. Matundu yote manne yalilingana. Vyangu huwa lazima nivigonge nyundo kidogo.

"Kimekaa," nilisema. "Mwambie fundi wako dawa ya macho nyumbani imekwisha."

Spana ikamdondoka.